Jino la Mwenye Nyumba

Ghorofani, Gerezani
Mwezi 3 Ramadhani 1446

Kwa Daktari Velta Shayo, mpangaji wa chumba cha mbele, chini,

Baada ya salamu, ambazo nakupa kwa kuwa huu ni mwezi mtukufu na si kwa kuwa unastahili, nakuarifu kwamba nyumba hii naiuza.

Bwana Tamim, ambaye unamjua maana ulimfukuza barazani kwa ufagio, ataibomoa ajenge ghorofa kumi na mbili. Ndugu yangu Mazin aliyeko Muscat, mwenye nusu ya nyumba kwa mirathi, ameshaniletea idhini ya maandishi nimuuzie na ya kwake. Sahihi naitia Idi pili. Kuanzia siku hiyo wewe na wagonjwa wako wa meno, Isidori na spea zake, na Mama Mboni na vyerehani vyake, mna mwezi mmoja wa kuhama.

Utauliza kwa nini nakuandikia ilhali kati yetu kuna ngazi ya vidato kumi na tisa tu. Ni kwa sababu ya ule mkutano wako wa Shaabani, uliponiita kabaila mbele ya wapangaji. Miaka thelathini na mbili nakuita shemeji kwa heshima ya marehemu mumeo Hillary, leo nimekuwa kabaila. Niliapa palepale, na Isidori ni shahidi: wallahi sitakanyaga chumba chochote cha chini mpaka wewe uhame. Na kwa kuwa simu hutaki, eti zinasikilizwa, basi tuandikiane.

Sahani ya futari iliyokuja na barua hii ni ya Zeina. Mimi simo. Nilimwambia mwaka huu asikupelekee, akanijibu kwamba yeye hajaapa kitu.

Mwenye nyumba,
Ghassan bin Abdulla


Chini, chumba cha mbele
5 Machi 2025

Ndugu Mwenye Nyumba,

Barua yako imesomwa mbele ya Kamati ya Wapangaji. Kamati ni mimi, Isidori na Mama Mboni, kwa hiyo akidi ilitimia kwenye benchi la wagonjwa.

Tumeazimia hivi. Kwanza, hatuhami. Pili, bango litatundikwa. Tatu, hakuna mpangaji atakayepanda juu kwako kwa sababu yoyote ile. Hili la tatu limetokana na uzoefu. Mwaka juzi tulipanda watu watatu kudai bomba la maji, tukakuta kahawa na halua ya Bi Zeina, tukashuka tunasifia halua na bomba linavuja mpaka leo.

Neno "kabaila" silifuti. Naongeza tu: kabaila mwenye mke mwema.

Nimeisoma barua yako, nimeichana, nimeiloweka kwenye ndoo. Nawe fanya hivyo kwa hii. Nimekulia nchi ambayo karatasi moja ilitosha kumpoteza mtu, na mazoea hayaniachi.

Sahani hairudi tupu, mmenifundisha nyinyi wenyewe. Nimeweka matango niliyoyaloweka kwa chumvi na vitunguu saumu, yale unayoyapenda. Usiseme huyapendi, maana mwaka jana ulishusha bakuli mara mbili.

Dkt. Velta Shayo
Mwenyekiti


Ghorofani
Mwezi 8 Ramadhani

Daktari,

Mimi barua sichani. Naziweka kwenye faili, na faili ninalo tangu enzi za baba yangu.

Bango lako nimeliona. Nisingeweza kutoliona, maana mmelitundika chini ya dirisha la chumba changu cha kulala: NYUMBA SI MATOFALI, NYUMBA NI WATU. Mzee mzima nikiinama kufungua dirisha nakutana na shuka la Mama Mboni linanifundisha. Abiria wa mwendokasi wanatoa vichwa kulisoma. Jana msikitini mtu kaniuliza, "Mzee Ghassan, wale watu wako wa chini hawajambo?" na alikuwa anacheka.

Haya mapinduzi yako ya Kirusi ungeyaacha hukohuko Urusi. Hapa Gerezani tunagombana kistaarabu, kila mtu na kikao chake, kisha tunakutana msibani tunapatana. Wewe unakuja na maazimio yenye namba, umevaa koti jeupe la mtumba wa Mchikichini lenye jina la Mjerumani kifuani, unajifanya jemadari.

Matango nimewapa watu. Mwaka huu umeyafanya magumu.

Idi pili ipo palepale.

Ghassan bin Abdulla


Chini
12 Machi

Ndugu Mwenye Nyumba,

Kwanza: Latvia si Urusi. Nimekueleza hili tangu mwaka tisini na tatu, na niko tayari kukueleza mpaka siku nitakapohamishwa.

Pili: nani kwenye nyumba yako hatafuni?

Usikatae kabla hujasikia ushahidi. Ramadhani ya mwaka jana Bi Zeina alinishushia sambusa, kababu na mkate wa ufuta. Mwaka huu, siku kumi na moja mfululizo, nimepokea uji wa pilipili manga, tambi laini, ndizi mbivu za nazi zilizopondwapondwa, na tende zilizosagwa. Hakuna mfupa hata mmoja ulioshuka. Matango uliyoyala miaka yote leo yamekuwa magumu. Na Jumapili ulipita barazani umejifunga kilemba mpaka kwenye shavu la kushoto, kwa joto hili la Machi.

Ngoja nikusimulie. Mama wa bibi yangu, Marta, alikuwa daktari wa meno mjini Riga wakati wa mfalme wa Urusi. Alikuwa anaficha karatasi za wafanyakazi waliogoma ndani ya kiti cha wagonjwa, chini ya mto. Siku moja kapteni wa polisi akaja kupekua. Marta akamtazama tu mdomo akamwambia, "Bwana kapteni, jino hilo halikufikishi wiki." Akamkalisha juu ya karatasi zilezile alizokuja kuzitafuta, akamshughulikia saa nzima. Kapteni aliondoka ameshika shavu, anashukuru, hajapekua kitu. Marta alisema kwamba mtu anaweza kuficha bunduki, dhahabu na wake wawili, lakini jino bovu halifichiki.

Kwa hiyo nauliza tena.

Dkt. Velta


Ghorofani
Mwezi 15 Ramadhani

Daktari,

Zeina ana koo, ndiyo maana vyakula ni laini. Kilemba nilifunga kwa sababu ya vumbi. Meno yangu mimi ni ya Kihadhrami, babu yangu alifumua magunia kwa meno mpaka anazikwa. Na ni uhodari gani huo wa daktari kuchunguza sahani za watu? Tunakupa futari, wewe unatufanyia upelelezi.

Naona huyo bibi yako alikuwa mjanja, Mwenyezi Mungu amrehemu kama inafaa kumwombea.

Bwana Tamim alikuja jana kupima kiwanja. Alipima mpaka chumbani kwako kwa nje. Nilimwambia asikanyage maua ya Hillary pale mlangoni, akasema mama huyo maua atayahamishia wapi. Sikumjibu, nilikuwa nimefunga.

Ghassan bin Abdulla

Baadaye: Kuna jirani yangu mmoja, si mtu unayemfahamu, anapigwa na gego la chini kushoto mpaka sikio linavuma. Anauliza afanyeje.


Chini
17 Machi

Ndugu Mwenye Nyumba,

Mwambie jirani yako asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, akishafuturu na akishakula daku. Asiweke karafuu nzima kwenye tundu, asiweke tumbaku, na asiweke maji ya betri hata kama Isidori anayo dukani. Kama shavu limeanza kuvimba hayo yote hayatamsaidia, aende kwa daktari kesho asubuhi. Usaha wa jino ukishuka shingoni unaua mtu, na sitanii.

Mwambie pia kwamba daktari anayemwandikia haya anakosa usingizi. Si kwa ajili ya nyumba tu.

Koo la Bi Zeina nimelisikia jana akimwita muuza mchicha kutoka dirishani. Liko vizuri sana.

V.


Ghorofani
Mwezi 23 Ramadhani

Daktari,

Jirani ni mimi.

Nilitii ushauri wako wa kwenda kwa daktari. Juzi nimevaa kofia ya jua ya mjukuu wangu na miwani myeusi, nikavuka Magogoni kwenda Kigamboni, mahali ambapo hakuna anijuaye. Kwenye pantoni nimesalimiwa na watu wanne kwa jina, na wote wameniuliza macho yamekuwaje. Nikaipata zahanati. Daktari ni kijana, ana adabu, alinipa shikamoo nikaitika marahaba. Akaniambia nifungue mdomo, nikafungua. Akaniambia sindano ya ganzi haifunguzi saumu. Nikamwambia kwa madhehebu yangu inafunguza hata kuitazama. Kisha akaishika. Hapo katikati sikumbuki vizuri, ila nilijikuta kwenye foleni ya pantoni na kiatu kimoja.

Wewe peke yako ndiye unayejua kwamba mimi hulia. Hata Zeina nimemwambia ni machozi ya dawa. Miaka yote unanihesabia kwa lugha yenu, viens, divi, na ya tatu haifiki kwa sababu umeshang'oa kwenye ya pili, na kila mara nadanganyika. Sitaki daktari mwingine. Nimesema.

Shavu sasa limekuwa kama andazi. Idi pili natakiwa kutia sahihi, na sipendi kutia sahihi huku nalia, Bwana Tamim atadhani naililia nyumba.

Lakini nitafanyaje? Nimeapa sitakanyaga chini, nawe na azimio lako hupandi juu. Zeina anasema nitoe kafara nivunje kiapo. Nikivunja, Isidori atasema mzee kalegea, na mjini hapa mwenye nyumba akionekana amelegea mara moja, hata paka wa barazani ataleta azimio. Fikiri wewe, ambaye kwenu mna akili za kuficha karatasi chini ya makalio ya polisi.

Ghassan


Chini
25 Machi

Mgonjwa wangu,

Kamati imekaa. Isidori alipendekeza usitibiwe mpaka ufute mauzo, na Mama Mboni akamuunga mkono. Kimapinduzi hoja ilikuwa nzuri, na ningekuwa na miaka ishirini ningeipigia makofi.

Nimeikataa. Jino silitolei masharti. Nikikutibu utapona, na kesho yake utatia sahihi ya kunitoa kwenye chumba ambacho Hillary alikipaka rangi kwa mkono wake na akafia humohumo, kitanda kikiwa pale lilipo kabati la dawa. Najua hilo, na linaniuma kuliko linavyokuuma gego. Lakini nyumba ni ya Kamati. Jino ni langu.

Sasa sikiliza. Kiapo chako kinataja vyumba vya chini. Azimio letu linataja kupanda juu kwako. Ngazi haijatajwa na mtu. Nimehesabu: kidato cha kumi si juu wala si chini. Utakaa hapo, nami nitasimama kidato cha nane ili niwe sawa na mdomo wako.

Usiogope mahali. Januari ya mwaka tisini na moja, Riga, majeshi ya Kisovieti yalikuwa yanakuja, na sisi tukafunga njia za mji kwa malori ya magogo na matrekta, tukawasha moto barabarani, tukakaa wiki nzima kwenye baridi. Watu wa Gerezani wanadhani nilipigana. Isidori huwaambia wateja wake nililipua kifaru. Nataka ujue ukweli: nilimimina chai. Nilikuwa naogopa mpaka birika linagonga vikombe. Kitu kimoja tu nilichofanya cha maana ni kumng'oa jino dereva wa trekta, amekaa juu ya gogo, Hillary amemshika kichwa. Hakuwa mume wangu bado. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari kutoka Rombo aliyekuja kuona kwa nini watu wanaimba kwenye theluji. Kwa hiyo ngazi yako kwangu ni hospitali nzuri.

Ndani ya sahani kuna vidonge. Kunywa wakati wa futari na wa daku, usiruke hata kimoja. Usaha ukitulia, tutang'oa asubuhi ya Idi mosi, ukitoka kuswali.

Dkt. Velta


Ghorofani
Mwezi 29 Ramadhani

Daktari,

Nakubali, kwa masharti. Kidato kiwekwe zulia. Mlango wa ngazi wa barabarani ufungwe. Isidori asiwepo, na Mama Mboni asiwepo.

Vidonge nimemaliza. Shavu limepungua, sasa ni kalimati.

Kwa nini unanitibu kabla sijatia sahihi? Zeina ananiuliza hivyo kila daku.

Ghassan


Ghorofani, Gerezani
Mwezi 3 Shawwal

Kwa ndugu yangu Mazin bin Abdulla, Muscat,

Idi njema, wewe na watoto. Najua Bwana Tamim ameshakupigia simu kulalamika, sasa sikia kutoka kwangu.

Kosa la kwanza ni la mwezi. Nilimwambia Bwana Tamim aje Idi pili. Yeye anafunga na kufungua kwa mwezi wa Makka, kwa hiyo Idi yake ilikuwa Jumapili, siku ambayo mimi bado nina njaa. Mimi nafuata mwezi ulioonekana hapa, Idi yangu ikawa Jumatatu. Basi Idi pili yake ndiyo Idi mosi yangu. Hakuna kati yetu aliyeuliza "mwezi wa nani?", maana kila mtu anaona wake ndio mwezi.

Jumatatu hiyo nimetoka kuswali, nimekaa kwenye ngazi yetu, kidato cha kumi, nang'olewa jino na Daktari Velta. Usiulize kwa nini kwenye ngazi, ni habari ndefu na kiapo kimo. Niliagiza mlango wa barabarani ufungwe. Nilisahau kwamba ni Idi. Zeina kaufungua, akasema nyumba gani inafunga mlango siku ya sikukuu. Wageni wakaanza kupanda. Shangazi Ghada na watoto wake sita wamenipita mmoja mmoja, kila mmoja kanipa mkono na "Idi mubarak", na mimi mdomo wazi namjibu kwa macho. Taa haikutosha, akaitwa Isidori amulike kwa tochi ya dukani. Kichwa hakikutulia, akaitwa Mama Mboni akishike. Yaani wale watatu niliowaandikia wahame, mmoja kashika kichwa changu, mmoja kanimulika kooni, na mmoja ana koleo.

Hapo ndipo Bwana Tamim kaingia na mwanasheria wake. Kaona, kasita, kisha akasema, "Mzee, leo ndiyo Idi pili." Nikamwambia ni Idi mosi. Nusu ya ulimi ilikuwa imekufa ganzi, udenda unanitoka kwenye kanzu mpya, tukabishana habari za mwezi huku akipanda vidato vitano vizima, mpaka Ghada akawa anachangia kutoka juu. Mwishowe akachoka. Akaweka karatasi gotini kwangu akasema, "Sahihi haihitaji mdomo, mzee wangu. Tia hapa, kisha huyu mama amalizie. Mwezi ujao hii ngazi haipo."

Mazin, nilimtazama daktari. Nilitegemea abane. Mimi ningebana. Koleo lilikuwa limeshakamata gego, angelizungusha kidogo tu ningefuta mauzo, ningempa na nyumba. Alilitoa taratibu. Akafuta mikono. Akachukua ule ubao anaoandikia kadi za wagonjwa, akauweka chini ya karatasi ya Bwana Tamim ili niandike vizuri, akaniambia, "Tia kwanza, shemeji. Ukitia baada ya kung'olewa mkono utatetemeka, watasema si sahihi yako."

Aliniita shemeji. Tangu Shaabani sikuwa nimelisikia.

Kalamu ikawa nzito. Nilijaribu, usidhani sikujaribu. Niliandika "Gh". Kisha nikalia, na safari hii kila mtu kaona, mpaka watoto wa Ghada, na sikuwa nimeng'olewa kitu bado. Mwenye koleo kinywani mwangu hakunibana. Aliyenibana ni mwenye kalamu. Nikamrudishia karatasi yake.

Najua utakasirika, na haki unayo. Nusu yako ipo, haijaliwa na mchwa. Ukitaka kuiuza, panda ndege uje uwaambie mwenyewe hawa watu, ukiwatazama. Mimi nimeshindwa. Utafikia kwangu, Zeina atakutandikia chumba cha mama.

Jino lilitoka kwenye "divi", kama kawaida.

Ndugu yako,
Ghassan


Chini
4 Aprili

Shemeji,

Kidonda kinaendeleaje? Usiguse kwa ulimi. Najua unagusa.

Kamati imefuta neno "kabaila" kwa kura tatu bila kupingwa. Bango limeshushwa, Mama Mboni amelifua, ni shuka tena. Isidori anawaambia wateja kwamba alikuwepo.

Sasa nina jambo, na naona aibu kuliandika. Tangu Januari kuna tiketi kwenye droo yangu ya koleo. Mwanangu Candida amenikatia. Anasema nina miaka sitini na sita, naishi peke yangu nyuma ya zahanati, kwake Riga kuna chumba kinachotazama mto. Ndege ni tarehe kumi na mbili mwezi huu. Sikumwambia mtu, hata Kamati.

Utauliza kwa nini nimekugombeza mwezi mzima juu ya chumba ninachokiacha. Nilitaka nikiondoka nifunge mlango kwa mkono wangu, na mlango ubaki. Sikutaka nisikie niko Riga kwamba ule ukuta aliopaka Hillary umesombwa na kijiko cha Bwana Tamim. Na Mama Mboni na Isidori hawana Candida wa kuwakatia tiketi.

Lakini wewe umegombana na ndugu yako kwa ajili ya mpangaji mwenye mizigo tayari. Ningekuambia pale kwenye ngazi. Niliogopa ungetia sahihi. Nimekukosea, shemeji, na nakuomba radhi.

Velta


Ghorofani
Mwezi 6 Shawwal

Mama Candida,

Nimesoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nikaichana. Ni barua ya kwanza kuichana maishani mwangu.

Kwa hiyo nilikaa kwenye ngazi siku ya Idi, udenda unanitoka mbele ya watoto wa Ghada, nikamrudisha mnunuzi ambaye Gerezani nzima inamtafuta, kumbe nampigania mtu wa uwanja wa ndege. Mazin hapokei simu zangu. Mtu akifanya mapinduzi yakashinda, si anakaa atawale? Wewe unashinda, unawaaga wananchi.

Jana nimeshuka mpaka kidato cha mwisho, nikasimama. Mlango wako ulikuwa wazi. Ulikuwa unamfokea mzee mmoja kwamba mswaki si pambo. Nikawa nawaza kiapo changu. Nimeapa sitaingia humo mpaka uhame, maana yake siku nitakayoruhusiwa kuingia ndiyo siku nitakayokuta kabati na ukuta. Nikajiona mjinga wa mwisho, na nilikuwa peke yangu kwa hiyo hakuna aliyenibishia.

Kafara nimetoa. Zeina amepika tangu asubuhi, masikini kumi wamekula wakashiba, kiapo kimekwisha. Nipangie siku ya kukaguliwa kidonda, nitashuka kwa mlango kama watu.

Sikuambii usiende. Candida ni damu yako, na mimi nani nimzuie mtoto na mama yake. Nakuarifu tu, kwa kuwa daktari hafichwi, kwamba upande wa kulia kuna magego mawili yananisumbua tangu mwaka juzi. Sijamwambia mtu.

Shemeji yako,
Ghassan


Chini
8 Aprili

Shemeji,

Njoo Jumatatu saa nne, usile kitu kigumu. Magego mawili siku moja sing'oi, usije ukanibembeleza.

Candida nimezungumza naye kwa simu ya Mama Mboni, nikamwambia tarehe kumi na mbili siji. Amelia, na mimi nimelia, Mama Mboni akatuombea dua zote mbili, ya kwake na ya Kikristo. Candida akaniuliza nitakuja lini sasa. Nikasema nitakuja kumtembelea, Juni, kuna jua kwao, nitakaa mwezi na kurudi. Akauliza narudi kwa nani. Nikamwambia nina mgonjwa. "Mgonjwa gani?" Nikasema mwenye nyumba. "Mama, si ndiye uliyekuwa unampindua?" Nikasema ndiye. Akaanza kucheka.

Leo asubuhi nimekwenda mjini kubadilisha tiketi. Binti wa pale amenipa fomu. Kwenye sababu ya kuahirisha safari nimeandika: nauguza. Chini yake wanataka jina la mgonjwa, nimeandika Ghassan bin Abdulla. Chini yake tena kuna visanduku, mtu achague mgonjwa ni nani wake: mume, mzazi, mtoto, ndugu, mwingine. Nimekaa na kalamu muda mrefu, watu wa nyuma wakaanza kukohoa.

Nikaweka alama kwenye ndugu. Binti akatazama jina lako, akatazama langu, akanitazama usoni. Nikamtazama na mimi. Akagonga muhuri.

Velta